Nyumba za Lamu na Milango ya Idi

Sikukuu ya Idi katika miji ya Pwani ina desturi ambayo haikubuniwa na wizara yoyote ya utalii: watu huzuru nyumba. Baada ya sala, watoto hupita mlango kwa mlango na nguo zao mpya wakidai mkono wa Idi. Wakubwa huwafuata taratibu, wakinywa kahawa hapa na kuonja halua pale. Hakuna anayelipishwa. Mwaka huu, siku ya pili ya Idi-ul-Fitr, nilikuwa Lamu pamoja na wanafunzi wangu wanane, nasi tulizizuru nyumba kwa njia zote mbili: asubuhi kwa tiketi, jioni kwa desturi.

Asubuhi tuliingia katika nyumba ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho. Nyumba ya namna hii huanza kwa daka, kibaraza kilichofunikwa ambapo mgeni wa kiume hupokewa bila kuona ya ndani. Kisha kuna kiwanda kilicho wazi juu, misana miwili inayofuatana, na mwisho kabisa ndani, chumba chenye ukuta wa zidaka vilivyochongwa katika chokaa, ambamo vyombo vya kaure kutoka China viliwekwa ili vionekane. Vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake hauzidi sana mita tatu kwa kuwa ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kuubebea dari zito la mawe ya matumbawe. Msitu wa mikoko, kwa maneno mengine, ndio uliokuwa mhandisi.

Kijana aliyetutembeza aliijua kazi yake, nami simlaumu kwa nilichokisikia, kwani hata vitabu vingi huzungumza hivyo hivyo. Alitueleza waungwana walivyoishi, bibi harusi alivyopambwa, maiti alivyooshwa katika chumba cha nyuma. Ndipo mwanafunzi mmoja alipouliza: waliochimba mawe, wakachoma chokaa na kuyabeba haya yote, walilala wapi? Kijana alinyamaza kidogo, akaonyesha chini kwa kidole. Katika nyumba za ghorofa, sehemu ya chini, yenye giza na joto, ilikuwa ya bidhaa na ya watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, ndiyo kusema wajukuu wa waliolala pale chini bado wamo mjini, na baadhi yao huenda wanakaa katika mitaa isiyoonyeshwa mgeni. Ziara inayoanza kwenye daka na kuishia kwenye zidaka ni ziara ya mwenye nyumba.

Jioni tulikwenda kwa shangazi wa mwanafunzi yule yule. Hapakuwa na maelezo wala kamba ya kuzuia watu. Tulivua viatu, tukakaa juu ya mkeka, tukaletewa kahawa na kaimati. Nilipoinua macho niliona boriti mbili zimepinda na ukuta mmoja umepasuka kutoka darini hadi sakafuni. Fundi mmoja aliwahi kuuziba kwa saruji, na saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe hadi likamomonyoka. Chokaa huuacha ukuta upumue. Lakini chokaa cha kienyeji na fundi anayekijua ni ghali, na saruji inauzwa dukani.

Mji Mkongwe wa Lamu umelindwa kisheria tangu mwaka 1986, na mwaka 2001 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mwenye nyumba, ulinzi huo maana yake ya kila siku ni kwamba haruhusiwi kuigeuza nyumba yake apendavyo. Ni haki kuwe na masharti. Isiyokuwa haki ni kumwamuru mtu atunze mali ya dunia nzima kwa fedha za mfukoni mwake. Nchi iliyojenga gati za bandari mpya ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2021, haiwezi kudai kwamba imekosa fedha za boriti na chokaa. Maofisa wanaosoma hapa wanajua bajeti huandikwa lini. Waandike fungu hilo.

“Mwalimu,” shangazi aliniambia huku akinimiminia kahawa nyingine, “dalali amekuja mara tatu. Mara ya mwisho alikuja na Mzungu mwenyewe.” Nyumba kadhaa za Lamu na Shela zimekwisha kwenda kwa njia hiyo. Zinatengenezwa vizuri mno, sikatai, pengine kuliko ambavyo wenyewe wangeweza. Kisha hufungwa sehemu kubwa ya mwaka, na watoto wa Idi huzipita bila kubisha.

Nyumba ile si yake peke yake. Aliirithi pamoja na kaka zake wanne, wawili wako Mombasa na wawili Ughaibuni, na kwa hesabu ya mirathi ina mafungu tisa: kila kaka mawili, yeye moja. Watakutana Mfungo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja, kuijadili bei ya dalali. Kati ya watano hao, anayeishi ndani ya nyumba ni mwenye fungu moja.