Tunaposema "kwashi"



Juma hili tuangalie neno moja lililo mdomoni mwetu kila siku, hapa Kasongo na kule Kabambare: kwashi. Tunasema, "Mtoto ule iko na kwashi." Tunasema pia, "Ule ni mama ya kwashi." Sentensi ya kwanza inataja ugonjwa. Ya pili inamhukumu mtu. Nimeona mama aliyeitwa hivyo kisimani: alianza kumfunika mtoto kwa kikwembe, akaacha kufika siku ya kupima kilo, na ugonjwa ukaendelea nyumbani.

Wengi tunafikiri neno hili ni Kifaransa, kwa kuwa waganga wanaliandika kwenye fishi: kwashiorkor. Siyo Kifaransa wala Kiingereza. Ni la Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra, kule Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alitibu watoto huko zamani za ukoloni wa Waingereza. Mwaka 1933 aliandika juu ya ugonjwa huu, na mwaka 1935 akalitia jina la wenyeji katika The Lancet, gazeti la waganga la Uingereza. Tangu hapo limeingia katika sentensi za Kiingereza, za Kifaransa, hadi zetu. Ndugu zetu wa Bushi, upande wa Bukavu, wana neno lao: bwaki.

Lakini njiani maana yake ilipotea. Kwa Waga, ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Titi limekwenda kwa mdogo, mkubwa amebaki na ugali wa muhogo. Neno lenyewe halisemi mama ni mvivu. Halitaji uchawi. Linatuonyesha mtoto gani wa kuangalia, na wakati gani.

Mimi nimeachisha watoto watano, na kila mara ni kipindi hicho kilichonitia hofu. Mchele tunalima, karanga tunalima, lakini vingi vinaishia sokoni ili tulipe shule na dawa. Mtoto aliyeachishwa hawezi kudai. Anakaa kimya pembeni, na sisi tunasema ametulia.

Basi tubadilishe sentensi. Badala ya "mama ya kwashi", tuseme tunachokiona: "Mtoto amevimba miguu. Nywele zimekuwa nyekundu. Hachezi tena." Maneno hayo hayamwaibishi mtu, na munganga anayaelewa mara moja. Tusidanganywe na mashavu yaliyojaa, kwani uvimbe unafanana na unene. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Shimo likibaki, mpeleke mtoto kituo cha afya siku ileile.

Nyumbani, sahani ya mkubwa isiwe ugali na mchuzi tu. Tuongeze karanga zilizotwangwa, maharagi, ndakala, yai likipatikana, na sombe yenye mafuta ya ngazi. Titi nalo, tukiweza, liendelee hadi miaka 2 na zaidi.

Tukienda kumpongeza mzazi, tusiangalie kitoto kichanga tu. Tumuulize kwa upole: "Na mkubwa wake, leo amekula nini?"