Betri mpya, ugonjwa uleule

Kila alfajiri ya Julai, pale Njombe, majirani walijua mama huyu ameingia kwenye gari. Injini ilizunguka, ikazunguka tena, na mara ya tatu ndipo ikawaka. Yeye ni muuguzi, na zamu ya asubuhi haina subira.

“Baba Watoto,” alimwambia mumewe, “hii si betri. Inazunguka vizuri, ila haishiki.”

Mume alicheka. Baridi ya Njombe inaua betri, alisema, na ni kweli baridi huidhoofisha. Lakini betri iliyochoka huzungusha injini kwa uvivu, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani, au huishia kulia tik-tik tu. Hii ilizunguka kwa kasi. Aliyeisikia kila siku ni mke. Mume huenda dukani kwake kwa bodaboda. Hata hivyo alichota kwenye ada ya mtoto ya muhula wa pili, akanunua betri mpya.

Kesho yake gari likasumbua vilevile. Nyumba ilinuna siku mbili.

Jumamosi fundi alifika kabla gari halijawashwa. Hakumwuliza mume, alimwuliza dereva. “Dada, inasumbua saa ngapi?”

“Asubuhi tu. Mchana, hata ikisimama nusu saa, inawaka mara moja.”

Fundi akamwambia ageuze ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, asiwashe, asikilize. Chini ya kiti cha nyuma pampu ya mafuta ilivuma sekunde chache, ikanyamaza. Zima. Rudia. Rudia tena. Kisha akawasha, na injini ikashika papo hapo.

Kumbe vali ndogo ya pampu, inayozuia petroli isirudi kwenye tangi, ilikuwa imechoka. Presha ilishuka usiku kucha, na asubuhi pampu ikawa inaanza kazi upya. Fundi akauliza huwa wanajaza kiasi gani. Mume akatazama pembeni: ya elfu kumi, tena taa ikishawaka. Pampu hupoozwa na petroli inayoizunguka; tangi likikaa karibu tupu, inaungua taratibu.

Pampu mpya itasubiri mwisho wa mwezi. Hadi hapo ni kugeuza ufunguo mara tatu. Muuza betri alikataa kuipokea tena. Jumatatu mume alikwenda mwenyewe shuleni kuomba muda wa ada. Alipoulizwa sababu, alisema ni gari.

“Ungesema betri,” mkewe alimwambia jioni.