Matsangoni: Pwani isiyoijua theluji

UKISHUKA kwenye matatu ya Kilifi kwenda Malindi pale Matsangoni saa saba mchana, kitu cha kwanza utakachokitafuta ni kivuli. Jua limetua juu ya minazi, mapaa ya makuti yametulia, na upande wa bara msitu wa Arabuko-Sokoke umenyamaza kimya. Baridi ya hapa ni ile ya Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kutoka baharini na akina mama wakajitanda leso ya pili asubuhi. Hata wakati huo ni nadra hewa kushuka chini ya nyuzi 20.

Theluji, basi, mtoto wa Matsangoni huikuta vitabuni na kwenye televisheni. Hata hivyo, bahari anayoogelea kila siku iliwahi kuwa na mkono wake katika kioja kilichotokea mbali sana na mawimbi yake.

Mwanzoni mwa Septemba 2008, wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliona mteremko mzima umegeuka mweupe. Nyahururu uko jirani kabisa na ikweta, lakini umeinuka zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wake si wageni wa baridi. Weupe ule, hata hivyo, hawakuwa wamepata kuuona. Wakubwa kwa wadogo walimiminika kuutazama na kuuchota kwa viganja. Habari zikavuka hadi ng'ambo: theluji imeanguka Kenya!

Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wakatoa ufafanuzi. Haikuwa theluji. Ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi mno hata chembe zake zikashikana na kuwa tandiko moja. Walieleza kwamba hewa baridi kutoka Bahari ya Hindi ilikutana na hewa ya joto kutoka Kongo.

Msomaji atauliza, tofauti iko wapi? Theluji huumbika ndani ya wingu ikiwa chembe nyepesi mno, na huteremka polepole kama pamba. Mvua ya mawe ni matone yanayorushwa juu na upepo mkali wa dhoruba mpaka yakaganda, kisha yakaporomoka yakiwa magumu. Nyahururu kuko juu, kwa hivyo mawe hayo hayana safari ndefu na hufika kabla ya kuyeyuka. Juu ya Matsangoni pia mawingu makubwa huwa na barafu kileleni, ila barafu hiyo hupita katika hewa ya joto kwa masafa marefu, nayo humfikia mkulima wa mihogo ikiwa mvua tu.

Afadhali iwe hivyo. Uliza wakulima wa chai wa Kericho na Nandi Hills watakueleza mvua ya mawe ni adui wa namna gani. Dakika chache hutosha kuchanachana majani yaliyotunzwa kwa miezi. Weupe unaomfurahisha mpita njia waweza kuwa njaa ya mwenye shamba.

Watu wa Busara waliona weupe wakauita theluji, wataalamu wakawasahihisha. Miaka 160 kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: aliyeona ndiye aliyesema kweli, na mtaalamu ndiye aliyekosea. Tena safari hiyo ilianzia Rabai, ambako leo ni kaunti moja na Matsangoni, kwa Wamijikenda wenzao Warabai.

Mwishoni mwa Aprili 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann aliondoka Rabai na msafara mdogo kuelekea Uchagani. Mnamo Mei 11 aliona mlima mkubwa wenye kilele cheupe. Kiongozi wake, mtu wa pwani, aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akatambua mara moja kilichokuwa mbele yake. Mlima wenyewe ulikuwa Kilimanjaro.

Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Alidai macho ya Rebmann yalimdanganya. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini Cooley, ambaye hakuwahi kuukaribia mlima huo, lake lilisikilizwa kwa miaka kadhaa. Mnamo 1862, Karl Klaus von der Decken alipanda hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikamwangukia huko huko juu. Hata baada ya hapo Cooley hakukubali.

Yule kiongozi wa msafara hakuwa na neno la kitaalamu, lakini alilolisema halikuwa na kasoro. Kitu kile kilikuwa baridi.

Sasa baridi hiyo inaondoka. Kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa karne hii, Kilimanjaro ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na ile ya Mlima Kenya nayo imenywea. Huenda siku ikafika ambapo bibi wa Rabai atawasimulia wajukuu kwamba kulikuwa na weupe wa kudumu juu ya mlima karibu na ikweta, nao wamcheke kama Cooley alivyomcheka Rebmann.

Kwa hivyo mzazi, ukijaliwa nauli likizo ijayo, wapeleke watoto Taveta au Loitokitok. Waamshe alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, watazame kileleni. Wakiulizwa baadaye, wawe na la kusema kwa macho yao wenyewe.