Notisi Bila Zuio

Nimestaafu ukarani wa masjala ya Mahakama Kuu, na naona ubishi niliouacha pale haujaisha. Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Korogwe, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaajiriwa Dar es Salaam. Kazi nilifundishwa na karani mkuu, Mpare mmoja asiyepandisha sauti. Hakukuruhusu kumjibu mwananchi kabla hujafungua jalada.

Wakati huo shauri la Aero Helicopter, lililochapishwa katika ripoti za sheria za 1990, lilikuwa mdomoni mwa kila wakili. Mahakama ya Rufani ilisema notisi ya rufani ikishawasilishwa, Mahakama Kuu haina tena mamlaka juu ya shauri hilo. Hata ombi la kusimamisha utekelezaji, yaani zuio, lipelekwe juu. Ni sawa kabisa. Chombo kimoja hakiendeshwi na manahodha wawili.

Lakini wapo walioinyoosha kauli hiyo kupita kiasi. Mjane mmoja alishinda kesi ya nyumba. Wakili wa mpinzani wake akawasilisha notisi, kisha kimya. Kila mama yule alipokuja kuomba kukaza hukumu, aliambiwa mahakama haina mamlaka, jalada limekwenda juu. Jalada lilikuwa rafuni kwetu.

Karani mkuu alilishusha, akalipekua mbele ya wote, akauliza, "Notisi naiona. Zuio liko wapi?"

Halikuwamo.

Hapo ndipo ninapobishana hadi leo. Notisi hupandisha mgogoro juu; haimnyang'anyi mshindi tuzo yake. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema rufani peke yake haisimamishi utekelezaji, na Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinasema hivyo hivyo. Anayetaka zuio aliombe huko juu, na atoe dhamana.

Wanangu mnaoingia masjala na uwakili, someni kanuni yote. Notisi ina siku 30, rufani siku 60 tangu notisi. Muda wa kuandaa nakala hautolewi kwenye hesabu mpaka ziwe zimeombwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na Msajili athibitishe. Aliyelala, Kanuni ya 89(2) inaruhusu notisi yake ifutwe. Mwambieni mteja wenu haki hiyo. Na mwananchi akifika dirishani, msimwambie "mahakama haina mamlaka" kabla hamjatafuta amri ya zuio ndani ya jalada. Isipokuwamo, pokeeni ombi lake.