Hata Ferrari Ilipigwa Nyundo

Sawa watu wangu, leo siongei mambo ya mvua wala bei ya mbuzi. Leo ni magari. Najua kuna wenye watacheka: mtu wa Kipsing na Ferrari ni wapi na wapi? Ngojeni kwanza.

Kuna gari inaitwa Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 pekee, kati ya 1962 na 1964. Mwaka wa 2018 moja iliuzwa kwa mnada huko California, zaidi ya dola milioni 48. Ukisikia hiyo pesa unafikiria mashine kubwa za ajabu. Wapi! Bodi zake zilitoka kwa karakana ya Sergio Scaglietti, mjini Modena, Italia. Fundi alichukua bati la alumini, akaliweka juu ya mfuko wa mchanga, akaligonga na nyundo pole pole mpaka likapinda vile jicho lake lilitaka. Ndiyo maana hakuna mbili zinafanana kabisa.

Uingereza pia ni hivyo hivyo. Kampuni ya Morgan, pale Malvern, iko na maseremala mpaka leo, na ndani ya bodi kuna fremu ya mbao. Aston Martin nao walikuwa wanabandika kibati kwa injini, kimeandikwa jina la fundi aliyeiunda. Mwenye gari akifungua boneti, anasoma jina la mtu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Wakaunda matano, Nyayo Pioneer, na yakafika kilomita 120 kwa saa. Mwaka wa 1990 yakaonyeshwa Kasarani. Kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuwahi kufika, na tangu hapo hiyo gari imekuwa mzaha. Lakini hebu niulize: kwa nini gari 36 za mkono ziitwe hazina, na gari 5 za mkono ziitwe aibu? Scaglietti mwenyewe alianza akiwa kijana mdogo, akinyoosha bodi zilizogongwa. Tofauti ni kwamba kesho yake alipewa kazi ingine, na kesho kutwa ingine. Sisi tulipiga makofi siku moja, tukaenda nyumbani.

Na hapa wazee wangu mnisamehe, nitasema. Kwetu Wasamburu wahunzi ni lkunono. Ndio wametupigia mikuki na visu tangu zamani. Na bado familia nyingi hazitaki kuoa wala kuozesha huko. Mkuki tunautaka, mwenye kuupiga hatumtaki.

Nina rafiki wa ukoo huo. Sahi ni fundi wa kuchomelea mjini Isiolo. Zile keria ziko juu ya Land Cruiser zinazotubeba na mizigo mpaka soko la Oldonyiro, yeye ni mmoja wa wale wanazitengeneza. Anapima kwa macho, anakata, anachomelea, na barabara yetu ya mawe haijazing'oa. Mwaka jana alipenda msichana wa huku. Ng'ombe alikuwa nao, tabia iko sawa. Jibu likawa moja tu: huyo ni wa nyundo.

Huko Modena watu walijivunia mtu wa nyundo. Hapa tunamnyima mke.

Sisemi tuanze kuunda Ferrari kando ya laga, hata kama mchanga tunao wa kutosha. Nasema nchi inayodharau mkono wa fundi itanunua gari za wengine milele. Kama mtoto wako anapenda kugonga vyuma, mwache agonge, na mtafutie mahali pa kufunzwa.

Na wewe ambaye kwenu hamuozeshi kwa wahunzi, niambie sababu. Bila matusi, tafadhali. Nataka kusikia kweli.