Kupanda Mazeras na Peugeot 504

Gari la marehemu babu, Peugeot 504, lilikuwa likichemsha kila likikuta mlima, na barabara ya bara huanza kupanda mara tu ukiiacha Miritini. Kwa hiyo kabla ya safari yangu ya kwanza nalo kwenda Voi, nilipita kwa fundi mmoja mzee wa Changamwe.

“Mwanangu, gari hili linanyweshwa maji gani?” aliniuliza kabla ya kushika spana.

“Ya kisima, mzee.”

“Basi ugonjwa tumeujua.”

Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Chumvi huzila zote mbili, na kutu huenda ikaziba vijia vya rejeta. Alipopitisha maji kinyumenyume, rejeta ilitapika tope jekundu. Akatia kifuniko kipya, kwa kuwa maji yaliyobanwa huchemka juu ya nyuzi 100, na springi ikilegea faida hiyo hupotea.

Nilimwomba aing’oe thermostati, kama wanavyofanya wengi huku Pwani. Alikataa kabisa: injini isiyopata joto lake hula petroli na kulika upesi. Kisha akageukia feni. Ya 504 haizunguki muda wote. Hunaswa na sumaku ya umeme maji yakipata moto. Kaboni ya kupeleka umeme ilikuwa imelika, kwa hiyo feni haikuwa ikinaswa. Akaweka nyingine.

Mazeras tuliipanda nyuma ya lori la makontena, gia ya pili, bila upepo wa kuipoza rejeta. Mshale wa joto ulipanda, feni ikanasa kwa mvumo, mshale ukarudi. Nilifurahi mno! Gari la aina hii Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975. Mlima huu haukuwa wa kulishinda.

Mariakani, Samburu, nyika ya Taru. Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, tukaomba dua kama wasafiri wengine. Tulifika Voi, kilomita zipatazo 160, dumu la maji likiwa bado limejaa.

Mwenye gari la zamani linalochemsha, namsihi asikimbilie kununua rejeta. Aanze na maji: atie kulanti na maji yasiyo na chumvi, kisha akague kifuniko, thermostati na feni.