Lango la Leppings Lane, Mjini Sheffield

Mji wa Sheffield uko kaskazini ya London, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari la moshi. Ni mji wa vilima na mito, na sifa yake ya kale ni chuma. Visu, mikasi na vijiko vyenye jina la mji huo vimetumika katika nyumba za nchi nyingi, na ni hapo, mwaka 1913, ambapo Harry Brearley alitengeneza chuma kisichoshika kutu. Lakini mji huo una sifa nyingine iwapendezayo vijana kuliko visu. Chama cha mpira cha Sheffield FC kilianzishwa mwaka 1857, na katika vyama vya mpira wa miguu vilivyo hai hakuna kinachokizidi umri. Mpenzi wa mpira afikapo Sheffield ni kama mtu aliyeufuata mto mpaka akaiona chemchemi yake.

Kutoka katikati ya mji, tramu humchukua mgeni hadi mtaa wa Hillsborough. Huko kuna nyumba za matofali zilizojengwa safu kwa safu, maduka, bustani ya watu wote, na mto Don upitao nyuma ya uwanja wa mpira. Uwanja huo ni wa chama cha Sheffield Wednesday, nao ulifunguliwa mwaka 1899. Karibu na mlango wake mkubwa limesimamishwa jiwe la ukumbusho, na watu huweka maua hapo. Mtu asiyejua habari zake aweza kudhani kwamba ni ukumbusho wa askari waliokufa vitani, lakini sivyo. Jiwe hilo ni la watazamaji wa mpira, na idadi ya waliokufa kwa msiba wa siku ile ni 97.

Watu hao hawakupigwa wala hawakuangukiwa na jengo. Walikufa kwa kubanwa hata pumzi zikakatika, mchana kweupe, na askari polisi wamesimama mbele yao. Ili kufahamu jambo hilo liliwezekanaje, yampasa mgeni auache mlango mkubwa, azunguke uwanja mpaka upande wa magharibi, kwenye barabara iitwayo Leppings Lane.

Upande huu nafasi ni finyu, maana mto uko karibu na nyumba ziko karibu. Mnamo tarehe 15 Aprili 1989, siku ya Jumamosi, hapa ndipo walipoelekezwa watu wa Liverpool waliokuja kutazama nusu fainali ya Kombe la FA kati ya timu yao na Nottingham Forest. Tikiti zao zilikuwa zaidi ya 24,000, na wote walitakiwa kuingia kwa milango midogo ya kuzunguka 23, ambayo hupitisha mtu mmoja mmoja. Kati ya hao, watu 10,100 walikuwa na tikiti za kusimama, nao walipewa milango saba tu. Karani yeyote ajuaye kugawanya aweza kuona taabu iliyokuwamo katika hesabu hiyo: kila mlango ulitakiwa kupitisha watu zaidi ya 1,400 kabla ya saa tisa alasiri, na watu wa mpira hawaji mmoja mmoja tangu asubuhi, bali wengi huja pamoja saa ya mwisho.

Ndani ya uwanja, mahali pa kusimama palikuwa pamekatwa vipande vipande kwa seng'enge na vyuma. Waingereza waliviita vipande hivyo kwa neno lile lile walitumialo kwa zizi la kondoo. Mbele, kati ya watu na kiwanja, palikuwa na ua mrefu wa chuma wenye vilango vyembamba vilivyofungwa. Ua huo haukujengwa bure. Miaka ile baadhi ya watazamaji wa Kiingereza walikuwa na sifa mbaya ya kupigana, na mwaka 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, mjini Brussels, baada ya wafuasi wa Liverpool kuwashambulia wafuasi wa Juventus. Hofu ya polisi ilikuwa na sababu. Lakini hofu hiyo iliwafundisha kumtazama kila mtu aliyevaa skafu ya timu kama mtu atakayeleta ghasia, wakasahau kumtazama kama mtu awezaye kupatwa na hatari.

Tena, maonyo yalikwisha kutolewa mahali pale pale. Mwaka 1981, katika nusu fainali nyingine, watu walisongamana upande huo huo wa Leppings Lane, na 38 wakaumia. Siku hiyo polisi waliwaruhusu watu kutoka na kukaa ukingoni mwa kiwanja, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1987 watu walichelewa kuingia, na mchezo ukacheleweshwa kwa robo saa ili wapate kuingia kwa utulivu. Dawa mbili, basi, zilikuwa zikijulikana: kuwafungulia watu njia ya mbele, na kuichelewesha filimbi. Mwaka 1989 hakuna hata moja iliyotumiwa kwa wakati wake.

Askari hawakuwa wachache. Waliopangiwa kazi ya siku ile walizidi 1,000. Mkuu aliyewasimamia alikuwa amekabidhiwa cheo hicho majuma yasiyotimia matatu kabla ya mchezo. Alikaa katika chumba cha polisi pembeni mwa uwanja, chenye madirisha na picha za televisheni, na kutoka dirishani aliweza kuona zile zizi za watu upande wa Leppings Lane. Ilipokaribia saa tisa, maelfu walikuwa bado nje, wamebanana mbele ya milango saba. Askari waliokuwa nje waliona kwamba watu watakufa palepale, wakaomba ruhusa ya kufungua lango kubwa, lililoitwa Lango C. Saa nane na dakika 52 ruhusa ikatolewa, na watu wapatao 2,000 wakaingia.

Kufungua lango hilo kuliwaokoa watu wa nje. Kosa lilikuwa katika kutofikiri waingiao watakwenda wapi. Mbele yao kabisa palikuwa na njia ya chini ya jukwaa, yenye mteremko, iliyowapeleka moja kwa moja katika zizi mbili za katikati, ambazo zilikwisha kujaa. Zizi za kando zilikuwa bado na nafasi, lakini mgeni hawezi kuijua nafasi asiyoiona, na hakuna askari aliyewekwa mlangoni mwa njia ile kuwaambia watu wapite kushoto au kulia. Mfugaji anayepeleka ng'ombe joshoni aelewa jambo hili bila kufundishwa: huwezi kuswaga kundi katika njia nyembamba ikiwa mlango wa mbele umefungwa. Wa nyuma haoni kitu, naye huendelea kusukuma bila nia mbaya, huku wa mbele wakivunjika mbavu.

Mchezo ulianza saa tisa kamili. Wa nyuma walisikia kelele za furaha na kudhani wanachelewa. Wa mbele walikuwa wakiomba kufunguliwa vilango vya ua. Wengine walijaribu kupanda ule ua wa chuma, na kwanza baadhi ya askari waliwarudisha ndani, wakidhani kwamba wanataka kuuvamia uwanja. Chumba cha polisi kiliagiza mbwa. Saa tisa na dakika sita refa alisimamisha mchezo. Hata hapo askari wengine walipangwa mstari kukata kiwanja kati, kuzuia ugomvi kati ya pande mbili, huku watazamaji wenyewe waking'oa mbao za matangazo na kuzifanya machela ya kubebea wenzao. Aliyekuwa mdogo kuliko wote katika waliokufa alikuwa mtoto wa miaka 10.

Siku ile ile, maiti zikiwa bado zimelazwa uwanjani, yule mkuu wa polisi aliwaambia wakubwa wa chama cha mpira kwamba watu wa Liverpool walilivunja lango wenyewe. Neno hilo lilienea duniani upesi kuliko gari la wagonjwa. Wahenga husema kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu ulitembea miaka 26, hata mwaka 2015 aliyeusema akakiri mbele ya uchunguzi kwamba haukuwa kweli.

Jaji Taylor, aliyechunguza habari hiyo mwaka 1989, alisema mapema kwamba sababu kubwa ya msiba ilikuwa polisi kushindwa kuongoza watu. Hata hivyo uchunguzi wa vifo ulimalizika mwaka 1991 kwa hukumu kwamba ilikuwa ajali. Wazazi, wajane na ndugu hawakukubali. Mwaka 2012 tume iliyofungua majalada ya serikali ilionyesha kwamba maelezo ya polisi 164 yalikuwa yamebadilishwa, na katika mengi ya hayo maneno ya kuilaumu kazi ya polisi yalifutwa au kugeuzwa. Afisi yoyote yenye majalada na ifahamu uzito wa jambo hilo: karatasi iliyogeuzwa yaweza kumwongezea mfiwa huzuni kwa robo ya karne. Tarehe 26 Aprili 2016, raia waliokaa katika uchunguzi mpya walitoa uamuzi kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba watazamaji hawakuwa na kosa. Ama yule mkuu wa polisi alishtakiwa, na mwaka 2019 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Mwaka 2021 akafa mtu wa 97, kwa majeraha aliyoyapata siku ile, miaka 32 nyuma yake.

Ni haki kusema pia kwamba polisi wa nchi hiyo hiyo wamewahi kuifanya kazi kama hii vizuri, na katika hali iliyokuwa ngumu sana. Tarehe 28 Aprili 1923 uwanja mpya wa Wembley, London, ulifunguliwa kwa fainali ya kombe hilo kati ya Bolton Wanderers na West Ham United. Waliohesabiwa milangoni walikuwa 126,047, na wengine wengi mno waliruka kuta, hata kiwanja chenyewe hakikuonekana kwa watu. Askari George Scorey aliingia katikati yao juu ya farasi mweupe aitwaye Billy. Aliwaomba walio mbele washikane mikono na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na yeye pamoja na wenzake wakawarudisha watu mpaka kwenye mistari. Mchezo ulichelewa kwa dakika 45. Wengi waliumia, lakini hakuna aliyekufa, na leo daraja la waendao Wembley kwa miguu huitwa Daraja la Farasi Mweupe. Siku hiyo ya 1923 hapakuwa na ua wa chuma mbele ya watu. Waliosukumwa waliweza kutokea kiwanjani na kupumua.

Habari hizi si za Waingereza peke yao. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, wafuasi wenye hasira walivunja viti na kuvitupa, polisi wakajibu kwa moshi wa kutoa machozi. Watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa, na 126 wakafa. Mjini Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, moshi kama huo uliua watu 135 kwa namna iyo hiyo, ijapokuwa kanuni za FIFA zinaukataza uwanjani. Na hapa Nairobi, tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia ilipocheza na AFC Leopards, watu saba walikufa kwa msongamano katika uwanja wa Nyayo. Lugha na rangi za nguo ni mbali mbali, lakini mlango uliofungwa ni ule ule.

Kwa hiyo yafaa kila uwanja ujiulize maswali machache kabla ya filimbi. Milango ni mingapi, na kila mmoja utapitisha watu wangapi kwa saa? Ni nani mwenye ufunguo wa kila lango la kutokea, naye amesimama wapi? Aonapo hatari, ana ruhusa ya kufungua, au ni lazima kwanza amtafute mkubwa wake? Na mtazamaji naye ana wajibu wake: aje mapema, asiingie bila tikiti, na asimsukume aliye mbele, kwa maana hajui huyo aliye mbele ameegemea nini. Dakika 15 za kuchelewesha mchezo hazijamwua mtu yeyote.

Baada ya taarifa ya mwisho ya Jaji Taylor, mwaka 1990, nyua za mbele ziliondolewa katika viwanja vikubwa vya Uingereza, na watazamaji wakapewa viti. Leo mgeni akiketi katika uwanja wa aina hiyo siku ya mchezo, ataona walinzi wamekaa kandokando ya kiwanja, migongo yao imeuelekea mpira. Wanakosa kuona mabao yote. Kazi yao ni kutazama nyuso za watu.